Mhusika kwanza au aina ya filamu kwanza? Uzi wa projekti za wanafunzi na yule mtu wa hudi

#1 Fremu_ya_Kwanza

Wakuu, salaam.

Projekti ya midia tunaijua: buni mhusika, chagua aina ya filamu, piga dakika mbili za ufunguzi, halafu andika ripoti ueleze umefuata kaida zipi (mambo yaliyozoeleka kwenye aina hiyo) na umevunja zipi. Ukikaa ukatazama kumi mfululizo utachoka kuhesabu hudi, yale masweta yenye kofia. Hudi nyeusi, kisu cha jikoni, msichana anakimbia, anaanguka pasipo na kitu cha kumwangusha, anageuka nyuma, skrini nyeusi.

Dai langu: tatizo ni mpangilio wa kazi. Watu wanaanza na orodha ya kaida, kisha mhusika anachomekwa mwishoni kama balbu kwenye holda. Mimi nasema mhusika aanze, aina ya filamu itamfuata yenyewe.

Karatasi ya mhusika ya kawaida huwa hivi:

Umri: 17. Tabia: mpole, mcheshi, ana huruma. Anapenda: muziki. Anaogopa: giza. Aina ya filamu: ya kutisha.

Ina kosa gani? Tieni neno.

#2 BapaNaDuara

Kosa ni kwamba humo ndani hakuna kitu cha kupiga picha. "Mpole" kamera itauona wapi? "Anapenda muziki" ndiyo maana kila mhusika anaingia na spika za masikioni, halafu zinasahaulika kabla hajafika mlangoni.

Kila sifa igeuzwe kitendo, na kitendo kiwe na kitu mkononi. "Anaogopa giza" ni maelezo. "Analala na tochi aliyoifunga kwa kamba kwenye kifundo cha mkono" ni picha. "Ana huruma" haifanyi kazi mpaka huruma hiyo imgharimu kitu tunachokiona. Kisha ongeza mstari ambao karatasi nyingi hazina: anataka nini LEO, ndani ya dakika hizi mbili? Kutaka amani ya moyo hakupigiki picha. Kutaka kufika asubuhi bila taa kuzimika kunapigika.

Kipimo chake ni rahisi. Zima sauti, onyesha sekunde 20 za mwanzo kwa mtu asiyeijua hadithi, mwambie aandike anachojua kuhusu mhusika. Akiandika "ni msichana, anatembea", mhusika bado hajazaliwa.

#3 NusuKivuli

#2 nakubali, #1 nakataa. Mhusika haelei hewani. Tochi hiyohiyo ya #2: kwenye filamu ya kutisha itazimika. Kwenye vichekesho itawaka yenyewe wakati amejificha. Kwenye upelelezi itamulika kitu ambacho hakupaswa kukiona. Aina ya filamu ndiyo inayoamua sifa ipi ya mhusika ina uzito, kwa hiyo huwezi kuiacha ije nyuma.

Orodha ya kaida haina ubaya. Ubaya ni kukusanya nusu yake. Rick Altman, mtaalamu wa nadharia ya filamu, mwaka 1984 alitenganisha mambo mawili: vipengele vinavyoonekana (mavazi, mahali, vifaa, aina za watu) na namna vipengele hivyo vinavyohusiana. Chukulia ni msamiati na sarufi. Wanafunzi wanabeba msamiati wote wa kutisha, hudi, kisu, msitu, halafu sarufi hawana. Sarufi ya kutisha ni kama hii: kuna mpaka ulioaminika kuwa salama, na umevukwa. Ukiwa na hiyo huhitaji kisu. Usipokuwa nayo, hata visu sita havitakuokoa.

#4 Msomaji_Kimya

Nimekaa pale. Endeleeni.

#5 SafuNane

Mnazunguka mbuyu. Propp, mtafiti wa ngano, alishamaliza hii kazi: kila hadithi duniani ina wahusika 8. Mwanafunzi achore safu nane, ajaze majina, akalale.

#6 BapaNaDuara

@SafuNane jina lako lenyewe linahitaji masahihisho. Propp katika kitabu chake cha 1928 alitaja nyanja 7 za utendaji: mhasidi (yule mwovu), mtoaji, msaidizi, binti mfalme pamoja na baba yake, mtumaji, shujaa, na shujaa bandia. Nane inapatikana watu wakimtenganisha binti na babaye. Mwenyewe aliwaweka pamoja kwa sababu kazi zao ni vigumu kuzigawa.

Pili, si "kila hadithi duniani". Alichambua ngano za ajabu za Kirusi, mia moja, kutoka mkusanyiko wa Afanasyev, akapata vitendo 31 vinavyofuatana. Kuzipeleka kwenye filamu ni kazi ya waliokuja baadaye.

Tatu, na hili ndilo lenye faida: ni NYANJA, si watu. Mtu mmoja anaweza kubeba mbili tatu, na nyanja moja ikagawanywa kwa watu wawili. Ufunguzi wa dakika mbili una waigizaji wawili, watatu wakizidi sana. Ukijaza safu saba unapata watu wanaopita kwenye fremu bila kazi. Afadhali uulize: huyu mmoja niliye naye anabeba nyanja zipi? Msaidizi ambaye ni shujaa bandia, hapo tayari una filamu.

#7 SafuNane

Sawa mwalimu. Jina sibadilishi.

#8 Mkaguzi_wa_Alama

Wote mnamlaumu mwanafunzi. Tazameni jedwali la kutahini. Linauliza: "Je, ametumia kaida za aina ya filamu?" Kaida gani ni rahisi kuthibitisha? Kinyago. Kinaonekana, kinahesabika, hakuna mtahini atakayesema hakukiona. Mpaka uliovukwa wa #3 ni mgumu kuthibitisha kwa mtu mwenye kazi arobaini mezani. Mwanafunzi anayevaa hudi anafanya hesabu yake vizuri tu.

Dawa iko kwenye ripoti. Sentensi inayoua alama ni hii: "Tumetumia mwanga hafifu kwa sababu ni kaida ya filamu za kutisha." Hiyo haina hoja, imezunguka na kurudi ilikotoka. Andika kwa mfuatano: uamuzi, kinachoonekana kwenye skrini, mtazamaji anakisia nini, filamu gani mahususi imefanya vivyo au kinyume, na kilichoshindikana. Mfano: "Tulimpiga mhusika kutoka juu ili sakafu tupu ijaze theluthi mbili za fremu. Mtazamaji anatafuta kitu kwenye nafasi ile. Hatukuweka kitu. Katika majaribio, watazamaji walidhani kipande kimekatika, kwa hiyo tukaongeza sauti ya mlango kutoka upande huo." Mtu akisoma hivyo anajua umefikiri.

Na usikimbilie kusema "tumevunja kaida" kwa sababu tu mhanga ni mwanaume. Kubadilisha jinsia ya mhanga na kuacha mengine yote yalivyo ni kubadilisha neno moja, sentensi ni ileile.

#9 KigogoWaTaa

Nadharia nimezisoma. Sasa tuongee kwa nini hudi inaonekana mbaya, kwa sababu nusu ya tatizo ni taa.

Kitambaa cheusi, mbele ya ukuta mweusi, usiku, kwa simu. Simu ikiona giza inapandisha ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) yenyewe, chengachenga zinajaa, nyeusi inakuwa kijivu chenye wadudu. Muuaji wako anageuka doa linalotembea. Halafu mhariri anaongeza mwangaza kwenye kompyuta, mambo yanazidi kuharibika.

Giza la filamu halitengenezwi kwa kukosa taa. Linatengenezwa kwa tofauti kati ya upande uliomulikwa na upande usiomulikwa. Stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili. Taa kuu ikizidi taa ya kujaza (ile inayolainisha vivuli) kwa stopu 1, uwiano ni 2:1, huo ni uso wa vichekesho. Stopu 2 ni 4:1. Stopu 3 ni 8:1, hapo nusu ya uso inazama na hakuna atakayekuuliza kama ni filamu ya kutisha.

Ya pili, umbali. Mwangaza wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali. Mwigizaji akiwa mita 1 kutoka kwenye taa na ukuta mita 4 kutoka kwenye taa hiyohiyo, ukuta unapata sehemu moja ya 16 ya mwanga anaoupata yeye, yaani stopu 4 chini. Umepata giza nyuma yake bila kuzima kitu. Sasa mrudishe mwigizaji mita 3 kutoka kwenye taa, ukuta ukae palepale: tofauti haifiki hata stopu moja, na kivuli chake kimebandikwa ukutani kama bango. Makundi mengi yanampiga mhusika akiwa amegusa ukuta, kisha yanalalamika kwamba taa ni mbaya.

Ya tatu, hudi inahitaji taa ya nyuma. Ndogo tu, juu na nyuma ya bega, isionekane kwenye fremu. Inachora ukingo wa kofia na bega, uso unabaki shimo. Bila ukingo huo hakuna umbo.

#10 Msomaji_Kimya

Nauliza @KigogoWaTaa: kama tuna simu moja na taa mbili za mezani tu?

#11 KigogoWaTaa

Zinatosha. Taa moja kuu, ubavuni, juu kidogo ya macho. Ya pili ndiyo ya nyuma. Ya kujaza huinunui: ubao mweupe upande wa pili unarudisha mwanga, na ukitaka giza zaidi weka kitambaa cheusi mahali pa ubao, kitakula mwanga unaoruka chumbani.

Kwenye simu tumia programu inayoruhusu kufunga vitu kwa mkono: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, ISO ya chini kadiri mwanga unavyoruhusu, na joto la rangi (kipimo cha wekundu au ubuluu wa mwanga) lifungwe. Usipolifunga, mhusika akipita mbele ya ukuta mwekundu rangi ya uso wake itabadilika katikati ya shoti, na hakuna uhariri utakaoficha hilo vizuri. Taa zikicheza mistari, angalia umeme ulipo: wa hezi 50 unakwenda na 1/50, wa hezi 60 unakwenda na 1/60.

Usiku wa nje kwa simu, usijisumbue. Piga mchana: punguza mwanga stopu 2 hivi, anga lisionekane kabisa, jua liwe nyuma ya mwigizaji, joto la rangi weka 3200K ili picha iwe ya buluu. Anga likiingia kidogo tu, hata pembeni, umekamatwa.

#12 SafuNane

Haya, ila msichana lazima awe mwema asiyekunywa wala kuwa na mpenzi, ndiye anayebaki hai. Hiyo kaida ina jina kabisa, "msichana wa mwisho". Hapa sijakosea.

#13 Jicho_Dirishani

Umekosea kwa upole. Carol Clover, mtafiti aliyemtaja msichana wa mwisho (makala 1987, kitabu 1992) hakuishia kwenye "mwema anapona". Kilichomshughulisha ni jicho: mwanzoni kamera inatuweka upande wa muuaji, tunatazama anachotazama, na mwishoni tunajikuta upande wa msichana, tunaona anachokiona yeye. Msichana huyo ndiye anayetambua hatari mapema, anayechungulia, anayeunganisha ishara. Kuona ndiko kunakomwokoa.

Kwa projekti hii maana yake ni kubwa. Mhusika wako anaona nini ambacho wengine hawakioni, na kamera iko upande wa nani? Tazama ufunguzi wa Halloween ya 1978: shoti ndefu inayoonekana kama haina mkato, tunaingia nyumbani kwa macho ya mtu tusiyemjua, anavaa kinyago na sasa tunachungulia kupitia matundu mawili. Kisha kinyago kinavuliwa, kumbe ni mtoto wa miaka 6. Mhusika ameumbwa kwa mahali kamera iliposimama, hajasema neno.

Na hicho kinyago mnachokiiga wote, cha muuaji akiwa mtu mzima, kilikuwa kinyago cha dukani cha Kapteni Kirk wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe na matundu ya macho yakapanuliwa. Kwenye orodha ya waigizaji mvaaji anaitwa "Umbo" tu. Kinatisha kwa sababu hakina hisia yoyote. Vinyago vya wanafunzi vina meno, damu, mishono, machozi. Vinaeleza sana.

#14 NusuKivuli

Nakazia #13 kuhusu kueleza sana. Jaws, 1975: papa wa mashine aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi wapige filamu bila kumwonyesha, wakatumia kamera ya chini ya maji, muziki, na mapipa yanayoburutwa juu ya bahari. Leo hiyo inafundishwa kama kaida: chelewesha kuonyesha zimwi.

#15 Mkaguzi_wa_Alama

Ndiyo maana naogopa neno kaida. Chukua film noir, zile filamu za uhalifu zenye giza na vivuli vingi. Jina hilo lilianza kutumika kwa filamu za Marekani mwaka 1946 kwa wahakiki wa Ufaransa, Nino Frank akiwamo. The Maltese Falcon ni ya 1941, Double Indemnity ya 1944. Waliozitengeneza hawakuwa na orodha mezani inayosema "vivuli vya pazia, mwanamke hatari, sauti ya msimulizi". Orodha ilikuja nyuma yao.

#16 SafuNane

Lakini kofia nyeupe shujaa, kofia nyeusi mbaya, filamu za makauboi. Hiyo ilikuwapo tangu mwanzo.

#17 Jicho_Dirishani

Hopalong Cassidy alikuwa shujaa na alivaa nyeusi kuanzia kofia mpaka buti. 😀

Rangi inaanza kusema pale inapobadilika. Psycho ya 1960: kabla ya kuiba fedha tunamwona Marion na sidiria nyeupe, baada ya uamuzi ni nyeusi. Hakuna anayeitaja, hakuna muziki unaoitangaza. Nyeusi peke yake isingesema kitu bila ile nyeupe iliyotangulia. Maleba ya mhusika yapangwe hivyo, angalau hatua mbili. Kundi linalomvalisha mhusika nguo moja dakika zote limeitupa nafasi ya bure.

#18 SafuNane

Leo mmeniamulia.

#19 Fremu_ya_Kwanza

Asanteni. Ila bado sijakubali kwamba aina ya filamu itangulie. @BapaNaDuara tupe mfano kamili wa ile karatasi, kwa shoti.

#20 BapaNaDuara

Haya. Ni yule yule wa miaka 17. Anaogopa giza, ana huruma. Leo anataka taa isizimwe mpaka asubuhi. Chumba kimoja, vitanda viwili, mdogo wake analala kitanda cha pili.

Shoti 1, karibu sana: swichi ya ukutani imefungwa kwa utepe ili isiweze kubonyezwa. Sekunde 4.
Shoti 2, karibu: mkono wenye tochi iliyofungwa kwa kamba. Washa, zima, washa. Sekunde 3.
Shoti 3, pana: chumba chote, taa zote zinawaka, msichana amekaa kitandani. Sekunde 6.
Shoti 4, karibu: betri zimepangwa mezani, kila moja imeandikwa tarehe kwa kalamu. Sekunde 4.
Shoti 5, ya wastani: mdogo wake anajigeuzageuza, mwanga unampiga machoni. Msichana anaitazama swichi. Anasita. Haizimi. Anachukua kitambaa, anamfunika macho taratibu. Sekunde 8.
Shoti 6, karibu sana, fremu ileile ya shoti 1: utepe umebanduliwa, unaning'inia. Taa bado inawaka. Sekunde 3.
Shoti 7, uso wake. Sekunde 5.

Sekunde 33, shoti 7, neno hata moja halijasemwa. Huruma iko shoti 5 na ina gharama, kwa sababu angeweza kuzima na hakuzima. Nusu ya wahusika bapa (wasio na undani) wangepona kwa kusita kule tu. Mwandishi E. M. Forster (1927) alisema kipimo cha mhusika duara (mwenye undani) ni uwezo wa kutushangaza kwa namna tunayoiamini. Yeye anampenda mdogo wake na bado hazimi taa.

#21 NusuKivuli

Safi sana, na umenipa ushindi bila kujua. Shoti ya 8 ni ipi? Kama ni nyayo za maji sakafuni, tunaogopa. Kama ni mdogo mtu kafumbata kipande cha utepe huku akijifanya anakoroma, tunacheka. Kama ni alama ya kidole kwenye gundi ya utepe, ni upelelezi. Shoti zako saba haziwezi kujua msichana ni nani mpaka aina ya filamu iseme. Ni mwoga mwenye sababu? Ni dada mkorofi? Ni shahidi?

#22 Fremu_ya_Kwanza

Au ushindi ni wangu. Shoti saba zilizaliwa na woga wake, na sasa zinaweza kwenda popote.

#23 Mhariri_wa_Usiku

Nyote mmesahau meza ya uhariri. Kuleshov, mwongozaji wa filamu wa Kirusi, alionyesha kwamba uso uleule, haujabadilika, ukiwekwa kando ya bakuli la supu unaonekana una njaa, kando ya jeneza unaonekana una huzuni. Kwa hiyo shoti 7 ya #20 msimwambie mwigizaji "ogopa". Atakunja uso, atafungua mdomo. Mwambie atazame swichi, ahesabu moyoni mpaka tano, apumue. Shoti 6 itamfanyia kazi.

Pigeni kila shoti ikiwa na sekunde 5 za ziada mbele na nyuma. Shoti 1 na 6 zipigwe kamera ikiwa haijaguswa: piga ya kwanza, bandua utepe, piga ya pili. Mkitoa stendi mkairudisha baadaye, fremu itahama kidogo na mtazamaji atadhani ni swichi nyingine.

Sauti ndiyo inayoua projekti nyingi kuliko hudi. Rekodini ukimya wa chumba, sekunde 30 watu wote wamenyamaza, kabla hamjaondoka. Huo unatandazwa chini ya shoti zote, la sivyo kila mkato utasikika kama mlango unafunguliwa na kufungwa. Rekodini kwa 48 kHz, vilele vya sauti viishie karibu na -12 dB. Na muziki usianze sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho. Kabla ya shoti 6 ondoeni hata mlio wa taa, sekunde 2 tupu. Mshtuko unatokana na tofauti, hautokani na ukubwa wa sauti. Kelele juu ya kelele haimshtui mtu.

#24 Msomaji_Kimya

Na damu inatengenezwaje? Sisi bado tunaitaka.

#25 KigogoWaTaa

Kwenye #20 damu inatoka wapi? Haya. Sharubati nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula, kisha tone moja moja la buluu mpaka wekundu ushuke. Bila buluu itaonekana ya waridi mbele ya taa nyeupe. Ikipitisha mwanga sana, kakao kidogo iliyokorogwa kwanza na maji, isiache madonge. Iangalieni kupitia kamera na taa za siku ile, si kwa macho. Inatia doa kwenye ngozi na nguo, kwa hiyo shati liwe na pacha, na shoti zote safi zipigwe kwanza.

Kisu kiwe butu au cha mpira. Na msitoke na kinyago na kisu barabarani bila kuwaarifu watu wa eneo hilo na polisi. Wapita njia hawaoni kamera, wanaona mtu mwenye kisu.

#26 SafuNane

Majina ya filamu yaandikwe kwa herufi zinazochuruzika damu?

#27 Mhariri_wa_Usiku

Hapana, na wewe unajua hapana.

Majina yakae kwenye shoti 3 na 4 za #20, kwenye ukuta mtupu na kona ya meza. Yasiguse shoti 1, 5 wala 6, maana jicho haliwezi kusoma na kuona utepe kwa wakati mmoja. Muda wa kila jina: lisome mara mbili kwa sauti ya kawaida, kisha liondoke. Acha kama asilimia 10 ya fremu kila upande.

#28 Mkaguzi_wa_Alama

Utepe mweupe kwenye swichi nyeupe hautaonekana. Mweusi wa mafundi umeme. Na upigeni picha ya mnato kabla ya kubandua, kwa sababu mkirudia, utaning'inia tofauti.

#29 Fremu_ya_Kwanza

Kwa hiyo hudi tumeizika?

#30 BapaNaDuara

Mvalisheni mdogo mtu. Shoti 5, dada badala ya kitambaa anamvutia kofia ya hudi machoni ili mwanga usimsumbue.

#31 Jicho_Dirishani

Umefanya nini sasa! Uso wa aliyelala hatuuoni tena. Nitakaa shoti mbili zilizobaki nikijiuliza kama aliye chini ya kofia bado ni mdogo wake.

#32 KigogoWaTaa

Na taa zote zinawaka, kwa hiyo shimo la uso hamlipati. Kofia itajaa mwanga mpaka puani. Mlazeni kichwa upande wa ukuta, taa ya dari iwe nyuma ya kisogo chake, na kitambaa cheusi mbele ya kifua nje ya fremu.

#33 NusuKivuli

Basi hiyo shoti 5 isizidi sekunde 6.

#34 BapaNaDuara

Nane. Kusita kunahitaji muda.

#35 Mhariri_wa_Usiku

Pigeni zote mbili, mniletee.